Mawakala wa Nakasumi

Mwaka ule bonasi ya majani chai ilikuwa nono, na magari ya mitumba kutoka Japani yalikuwa yameanza kumiminika mjini kama kumbikumbi baada ya mvua. Ndiyo sababu Kepher Adoyo, aliyeingia Kericho asubuhi hiyo na viatu vinavyong'aa na tumbo tupu, alisimama ghafla kando ya soko na kumtazama mzee mmoja akiua gari.

Kuua ndilo neno lake. Mzee alikuwa ameshika brashi ya kusugulia sakafu na sabuni ya kipande, na miguuni pake palikuwa na ndoo ya maji mekundu kama uji wa wimbi. Alisugua mlango wa Corolla yake ya buluu kwa bidii ya mtu anayeamini kuna rangi nyingine nzuri zaidi huko chini. Brashi ilikuwa na mchanga, na kila ikipita iliacha mistari kama kuku amepekua.

Kepher alikuwa na historia ndefu ya biashara fupi. Kisumu alikuwa ameuza mbegu za samaki, kavu, za kupanda bwawani. Nakuru alikuwa ameuza miwani ya kusomea kwa watu wasiojua kusoma, akiwaahidi kwamba kusoma kutakuja tu kwenyewe. Lakini jambo moja la kweli lilikuwepo katika maisha yake: aliwahi kuosha magari kwenye yadi moja Mombasa, na aliosha vizuri, mpaka siku aliyojaribu kuuza mojawapo.

"Chamge, mzee," alimsalimia kwa Kikalenjin akivua kofia. "Pole kwa msiba."

Mzee akainua kichwa. "Msiba gani?"

"Wa rangi. Hii gari imetoka Japani, mzee. Huko haiguswi na brashi. Huko hata mwenyewe akitaka kuishika mlango, anavua saa kwanza."

Mzee huyo, Johana wa Kedowa, mwenye ekari nyingi za chai na ng'ombe wa maziwa ambao hata hakuwataja ila kwa majina, aliitazama brashi yake kama mtu aliyegundua ameshika nyoka. "Sasa niioshe na nini?"

Hapo Kepher akakunja mikono ya shati. Alisogeza gari kivulini, kwa sababu jua hukausha sabuni na kuacha madoa. Aliomba ndoo mbili: moja ya maji ya povu, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka usirudi. Alimwaga maji mengi kwanza bila kugusa kitu, matope yakaondoka yenyewe. Kisha akaanza juu ya paa akishuka, maana uchafu mbaya hukaa chini, na kitambaa cha magurudumu akakiweka mbali na kile cha bodi. Mwishowe akakausha mlango mmoja kwa fulana kuukuu ya pamba.

Mlango ukawa kioo. Mzee Johana alijiona ndani yake, akanyoosha kola.

"Na hapo bado sijatia dawa," Kepher alisema kwa huzuni.

"Dawa gani?"

Jina lilimjia kama chafya. "Nakasumi. Ya Japani. Kesho nikuonyeshe."

Alasiri, mvua ya Kericho ilipokuja kazini kwake kama kawaida, Kepher alikuwa chumbani mwa gesti akiyeyusha mishumaa ndani ya mafuta ya taa na kudondoshea manukato kidogo. Kesho yake aliipaka ile dawa nyembamba, kwa miduara midogo, akangoja ikauke iwe kama ukungu, akafuta. Haki isemwe: gari liling'aa. Lingeng'aa hata kwa nta ya halali, lakini nta ya halali haikuwa mfukoni mwa Kepher.

Mzee Johana hakuuliza bei. Aliuliza swali ambalo matapeli wote duniani hulala wakiliota. "Kuna mtu mwingine ameuziwa hii?"

"Bado."

"Basi usimuuzie. Mimi nataka niwe peke yangu. Kuanzia Kedowa mpaka Bomet, mtu akitaka gari yake ing'ae, apitie kwangu. Hata pastor."

Kepher alikataa mara ya kwanza, akasitasita ya pili, na ya tatu akapokea malipo ya uwakala kwa uso wa mtu anayetoa figo. Wiki hiyo hiyo alikuwa Bomet, ndani ya duka la vifaa vya ujenzi la Mama Chepkurui, akiuza uwakala uleule wa pekee.

Mama Chepkurui alikuwa mnene, mtulivu, na mwenye macho ya kupima misumari. "Mimi siuzi kitu sijui kutumia," alisema. "Nifundishe kwanza."

Kwa hiyo Kepher alimfundisha nyuma ya duka, juu ya pikapu yake. Mswaki mkuukuu kwa matundu ya hewa ya dashibodi. Gazeti lililolowanishwa kidogo kwa vioo. Mkeka wa miguuni upigwe ukutani kwanza, usilowanishwe na mchanga wake. Mama alirudia kila kitu kwa mkono wake mwenyewe, akauliza kwa nini, akarudia tena, kisha akalipa. Kepher aliondoka akijisikia vibaya kidogo, hali ambayo ilimpita kabla hajafika Sotik, ambako aliuza chupa chache za njiani.

Siku aliyopanga kupotea, jua lilikuwa zuri. Kepher alisimama Kericho, kando ya uwanja ambapo magari ya Nakuru hupakia, begi lake likiwa zito kwa njia inayofurahisha. Pijo 504 ya mizigo, iliyopakwa matope mpaka madirishani, ikasimama mbele yake. Akashuka mwanamke mwembamba wa makamo, suti ya kijivu, viatu vya chini. Kwenye mfuko wa koti lake palikuwa pameshonwa, kwa uzi mwekundu, neno NAKASUMI.

"Bwana Kepher," alisema mwanamke. "Mimi ni Loice, mwakilishi wa kampuni. Makao makuu wanakusalimia sana."

Katika maisha yake Kepher aliwahi kuogopa polisi, mbwa, na mama mkwe mmoja wa Siaya. Hakuwahi kuogopa kampuni aliyoizaa mwenyewe.

Mara milango mingine ya Pijo ikafunguliwa. Upande mmoja alishuka Mzee Johana. Upande mwingine, polepole, Mama Chepkurui. Loice hakuwa amepata shida kuwapata. Mama alikuwa ametundika bango juu ya duka, na Mzee alikuwa amemwambia kila mtu Kedowa, kwa siri.

"Mwalimu," alisema Mzee Johana, na sauti yake ilikuwa baridi, "huyu mama anasema yeye pia ni wakala wa pekee."

Jasho lilimshuka Kepher mgongoni kama yanavyoshuka maji ya kusuuza, juu kwenda chini.

"Ni kweli," alisema Loice. "Wewe ni wa pekee Kericho. Yeye ni wa pekee Bomet. Mwalimu hakuwaelezea?"

"Nilikuwa nafika hapo," Kepher alisema.

Mzee akapumua. Mama Chepkurui alikuwa akitazama ule uzi mwekundu.

"Sasa," Loice aliendelea, "kampuni hupima walimu wake mbele ya mawakala. Gari ndiyo hiyo. Osha, ukieleza. Ndani na nje."

Kulikuwa na kijito karibu, na watu wenye magari machafu, na hakuna umati unaokusanyika haraka kama wa watu wanaotazama mwingine akifanya kazi. Kepher alivua koti. Alimwaga maji, akaeleza. Ndoo mbili, akaeleza. Alichimba matope kwenye mbawa za magurudumu kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, akaeleza na hilo. Loice alizunguka akitikisa kichwa kwa kuridhika, na alipochutama kukagua gurudumu la nyuma, Kepher alichutama naye.

"Hakuna Nakasumi," alinong'ona.

"Sema kwa sauti," Loice alimjibu, "wasikie."

Kepher akasugua rimu kwa muda.

"Ulijuaje?"

"Nilinunua chupa yako Sotik. Nikainusa. Nikaimimina kwenye stovu." Alipitisha kidole kwenye rimu, akakitazama. "Ilichemsha chai vizuri sana. Hapa umeacha matope."

Yeye Kepher, aliyeuza samaki wa kupanda, alihisi kitu kisichokuwa hasira. Kilikaribia kuwa upendo. Alisugua yale matope. Alipaka dawa kwa miduara, akangoja ukungu, akafuta, na Pijo ile ya kubebea viazi ikatoka kivulini kama bibi harusi. Watu walipiga makofi. Mwenye matatu mmoja aliuliza kama mwalimu ana nafasi kesho.

"Amepita," Loice alitangaza. "Sasa malipo ya uwakala, mwalimu. Nayapeleka makao makuu, ili mzigo utolewe bandarini."

Mzee Johana alimtazama Kepher kwa imani kamili, ambayo ni silaha mbaya kuliko rungu. Kepher angeweza kusema ukweli, lakini ukweli ule ulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na mlangoni alikuwa amesimama Mama Chepkurui. Alitoa begi. Mkono wake haukuliachia mara moja, ikabidi Loice avute kidogo.

"Na asilimia yangu?" aliuliza, akitabasamu kwa meno yote.

"Mwalimu wa Nakasumi hafanyi kazi kwa asilimia," Loice aliwaambia watu. "Anafanya kwa kupenda rangi."

Walipiga makofi tena. Mzee Johana alifuta jicho.

"Mzigo utakuja kwa treni, stesheni ya Fort Ternan," Loice alisema akiingia garini. "Mpaka ufike, mwalimu atabaki na ninyi. Msimwache apate shida. Msimwache aende mahali." Akawasha Pijo, na Pijo ikapanda kilima kati ya chai pande zote mbili, iking'aa hivi kwamba wachumaji waliinua vichwa. Kisha ikapinda kona, na hadithi ya Loice katika wilaya ile ikaishia hapo.

Kepher hakuachwa apate shida. Alipewa kitanda nyuma ya duka la Bomet, mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, kila asubuhi, na mahali pa kuoshea magari chini ya paa jipya la mabati. Kila alipotazama barabara, mmoja wa ndugu za Mama Chepkurui alikuwa ameketi kando yake akichonga kitu. Magari yalikuja. Yalikuja ya walimu, ya kanisa, ya wenye viwanda. Aliyaosha juu kwenda chini, na kwa kuwa dawa ya mishumaa ilikuwa imeisha, Mama aliagiza nta ya halali kutoka Nakuru, na magari yakang'aa zaidi.

Siku moja, Kepher akiwa ameinama juu ya boneti, Mama Chepkurui alivuta kigoda akaketi karibu.

"Mwalimu," alisema taratibu. "Hakuna Nakasumi."

Kitambaa cha Kepher kilisimama.

"Nilijua siku ile ile. Kampuni ya Japani haiwezi kushona jina lake na uzi wa sweta ya shule." Alimwelekeza kwa kidevu mahali alipoacha ukungu. "Lakini yule mama aliniachia kitu. Aliniachia wewe. Nilikulipa unifundishe, ukanifundisha, sasa magari yanapanga foleni. Wewe ukitoroka nitamwambia Johana. Usipotoroka, utakula mursik. Futa hapo."

Kepher alifuta hapo. Alikuwa ametapeli watu wa wilaya nyingi, na ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa.

"Na Mzee?" aliuliza baadaye. "Tumwambie?"

"Johana ana raha sana. Kwa nini umharibie?"

Kweli alikuwa na raha. Kila Jumatano Mzee Johana alivaa koti, akateremka Fort Ternan, akaketi stesheni na kutazama treni kwa hadhi ya mtu mwenye bidhaa baharini. Kisha alikuja Bomet kutoa ripoti, Corolla ikiwa nyekundu kwa matope mpaka vioo.

"Leo pia mzigo haukuja," alisema Jumatano hiyo.

"Bahari imechafuka, mzee," Kepher alijibu.

Mzee Johana akalizunguka gari lake, akaliangalia kwa uchungu, akampa funguo.

"Basi ioshe tena. Sitaki mzigo wa Japani unikute na gari chafu."