Mpango wa Kumrudisha Lulu

Ijumaa, 3 Oktoba
Balaa! Binti yangu Lulu kachaguliwa chuo, Moshi, kusomea ubongo. Kwani huku Gare hakuna vichwa? Tangu mama yake afariki tumebaki wawili. Jumatatu anaondoka. Atafikia kwa mama yake mdogo Devotha, shemeji yangu, ambaye kunipenda hajawahi.

Jioni kanieleza kwa kiazi kilichochipua jikoni. Seli changa ya ubongo, kasema, huotesha mikono mifupi kadhaa, yote sawa. Mmoja hutangulia, hurefuka mno na kuizuia mingine isirefuke. Huo hupeleka habari mbali. Mifupi kazi yake kupokea. Nikauliza, mrefu ukikatwa je? Akajibu, ukikatwa mapema, karibu na mwili wa seli, huweza kurudi kuwa mfupi kama wenzake.

Karibu na mwili! Yaani kabla hajavuka stendi ya Mombo.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimeugua, kwa makusudi. Kanisani sikwenda. Lulu akaleta makande. Nikajisahau, nikaomba nyongeza. Akaendelea kufunga begi.

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimemsindikiza hadi Mombo. Stendi nikamwambia Lulu kwamba Devotha kapiga simu, nyumba imejaa, asije. Lulu akampigia palepale! Devotha akasikika mpaka kwa wauza vitunguu: chumba tayari, shuka mpya. Aibu iliyoje. Nilidhani Lulu atakasirika. Akalia. Akasema mimi ndiye mkono wake mfupi, na kazi yangu ni moja tu: akipiga, nipokee. Basi likaondoka. Nikalia mbele ya watu, mtu mzima na koti langu la kanisani.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimepika tena makande ya watu wawili. Kiazi kipo dirishani, sina moyo wa kukitupa.

Wazo! Simu ikiita sipokei. Ataingiwa na hofu, atarudi. Jioni ikaita. Lulu! Mkono ukataka kuinyakua. Nikaukalia.

Jumapili, 12 Oktoba
Imeita tena mchana. Nimeuma mto mpaka ikanyamaza. Baadaye jirani yangu Yunis akaja, kasema Lulu kampigia kuniulizia. Nikamsihi amwambie niko hoi. Kachelewa, kasema, keshamwambia mimi ni mzima, na leo kanisani nimeimba besi kuliko wote. Huyu mama!

Jumapili, 19 Oktoba
Wiki nzima simu haijaita. Nimeichaji, nimeiweka dirishani penye mtandao, kando ya kiazi. Kimya. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Bila shaka yuko njiani. Nimeloweka mahindi na maharage, makande ya watu wawili.