Lodwar hadi Marsabit kwa Mstari Mmoja

Jumatano, 7 Januari
Nafasi yangu imefika! Mwalimu Emmah amehamishwa kutoka Lodwar hadi Marsabit, na mamake anatafuta mtu wa kumsaidia kuhama. Nimepanda mbio hadi kwa huyo mama, Thika. Nikamkuta Githae ashafika, amekalia kiti kizuri. Huyo jamaa namfahamu, naye pia anammezea mate Emmah. Pickup yake imeng'arishwa kama sufuria ya harusi. Akamwambia Mama Emmah ni safari ya siku mbili au zaidi, kuteremka kusini hadi huku kwetu kisha kupanda tena kaskazini. Nikacheka. Nilikuwa nimepima kwa rula kwenye atlasi ya shule. Mstari mmoja, umenyooka! Nikaahidi safari ya saa tano tu. Mama akanichagua mimi. Githae akachukua funguo za pickup akaondoka. Nilipenda sana kuuona ule mgongo.

Jumamosi, 10 Januari
Nimefika Lodwar na gari la dada yangu Wangechi, Probox anayoitumia kusambaza mayai. Mgongo umekwisha. Emmah akanikaribisha kwa chai na tabasamu. Anasema lazima aripoti Jumatatu, mkuu mpya hana mchezo. Nikamwambia Jumapili jioni atakuwa anapika Marsabit. Nimefunga godoro juu ya gari mwenyewe. Nilikuwa nikipiga mluzi.

Jumapili, 11 Januari
Tulielekea mashariki. Barabara ikawa mchanga, kisha ikawa maji.
Emmah akauliza, "Mburu, hii ni nini?"
Nikasema ni ziwa, dogo tu.
"Sioni ng'ambo."
Mimi pia sikuiona. Kumbe ile bluu kwenye atlasi! Nilidhani wino ulimwagika. Mama mmoja aliyekuwa akianika samaki akatuuliza tunaenda wapi. Nilipotaja Marsabit alicheka mpaka akakaa chini, akawaita wenzake waje wamwone mtu. Emmah hakucheka. Tukarudi Lodwar, godoro likipiga makofi juu.

Jumatatu, 12 Januari
Emmah amepata kiti kwenye ndege ndogo ya wamishonari. Kimoja tu, na mkoba mmoja. Akaniambia pole, Mburu, moyo wako ni mzuri. Moyo! Kabla sijafunga godoro upya, ujumbe ukaingia: amefika, ameripoti, na Githae alikuwa kwenye uwanja wa ndege akimngoja. Eti Mama Emmah alimwita, akapanda moja kwa moja kutoka Thika, lami tupu. Amemletea kitanda kipya. Haiya!

Alhamisi, 15 Januari
Niko nyumbani Ruiru. Meko, meza na godoro la Emmah vimejaa chumbani mwangu, napita kwa ubavu. Mama Emmah amepiga simu, akauliza polepole sana kama najua kusoma ramani. Wangechi ametaka Probox yake, nayo imejaa mchanga hadi kwenye trei za mayai.
Lakini nimefikiria vizuri. Njia yangu haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la gari. Kesho nakwenda kwa fundi Nzomo kumuuliza kama Probox inaweza kubeba boti juu.