Basi la Baba Mkwe Limekataa Kuwaka

Kwa Ndugu Watengenezaji wa Mfumo Huria wa Kompyuta,
Popote mlipo.

Waheshimiwa,

YAH: MFUMO WENU KUUNYANYASA MCHEZO WANGU WA WIZI

Natumaini kazi zinakwenda vizuri. Mimi ni mpiga picha za pasipoti. Nina studio ya chumba kimoja: pazia jeupe, stuli, taa mbili, na kompyuta ambayo ndiyo inayonilisha. Nilitafuta ofisi yenu nije mwenyewe, nikaambiwa hamna ofisi wala bosi, na kwamba mfumo huo umetengenezwa na watu wengi wanaojitolea wakiwa majumbani kwao. Kwa hiyo atakayeipokea barua hii awasomee wenzake.

Mfumo wenu uliletwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tunayemwita Bure kwa sababu hajawahi kununua kitu kinachoweza kupatikana vinginevyo. Kompyuta yangu ilikuwa imejaa virusi hadi wateja wakaanza kutoka na nyuso za kijani. Bure akafuta kila kitu, akaweka mfumo wenu, akaniambia, "Shemeji, huu ni wa halali na hulipi kitu. Kuanzia leo uko huru." Kompyuta ikawa nyepesi na nyuso zikarudia rangi zake. Kwa hayo sina ugomvi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mchezo wa kuendesha basi, anaoucheza baba mkwe wangu, hauwaki. Niliupata kwa jamaa anayeuza flashi, ukiwa na kifaili kidogo cha kuvunjia kufuli ya wenye mchezo. Kwenye mfumo wa zamani, ambao nao sikuununua, mambo yalikwenda kistaarabu. Unamzima mlinzi wa kuzuia virusi, unakiacha kifaili kifanye kazi yake, unamwasha mlinzi, maisha yanaendelea. Nyinyi mna programu ya kupokea michezo iliyotengenezewa mfumo ule. Inaupokea vizuri, inafungua mpaka picha ya kwanza, kisha inakifikia kifaili changu na kugoma. Huu ni ubaguzi.

2. Mmeninyima hata nafasi ya kuwaibia. Miaka yote nimetumia mifumo ya watu wanaouza, na tulielewana: wao wanafunga, mimi nafungua. Nyinyi mnanikabidhi mfumo mzima pamoja na siri zake za ndani, tena mnaniruhusu niwagawie majirani. Mtu mzima mwenye familia mnataka ajisikieje? Sasa katika kompyuta nzima mwizi amebaki huo mchezo peke yake, na anaonekana kwa mbali.

3. Wataalamu wenu hawana staha. Niliandika kwenye ukumbi wenu wa mtandaoni nikaeleza tatizo kwa heshima zote. Mmoja akajibu haraka, kwa upole, akauliza swali ambalo mtu mzima haulizwi mbele za watu: mchezo huo niliununua wapi? Nikamjibu kuwa haukununuliwa, ulipatikana. Wote wakanyamaza, isipokuwa mmoja aliyenishauri mchezo wa bure wa treni. Ndugu zangu, treni haina usukani. Mzee wangu atashika nini?

4. Lalamiko la nne nimelifuta kwa ombi la mke wangu.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Baba mkwe aliendesha mabasi ya abiria maisha yake yote ya kazi, mpaka daktari wa macho alipomwambia aache na leseni ikachukuliwa. Siku hiyo hakula. Baada ya hapo akawa anashinda dirishani akiwakosoa madereva wa watu. Nilimwona akizeeka mbele ya macho yangu, na niliumia kweli, maana huyu mzee alinipa binti yake wakati hata kamera nilikuwa naazima. Ndipo nikamwekea mchezo, na usukani wa plastiki wa kuchomeka kwenye kompyuta, na skrini kubwa ya kutosha macho yake. Mzee akafufuka. Kila mchana alikuja studio na shati lililopigwa pasi, akakagua matairi yote ya basi lake, akaondoka kwa ratiba. Mteja akitaka picha zake, tulisubiri wote mpaka basi lifike kituoni, kwa sababu yeye hasimami njiani kwa ajili ya mtu yeyote. Nilipoteza wateja kadhaa na sikujali.

Sasa mzee hana kazi. Na mbele ya studio yangu, jirani muuza mbao huegesha lori lake. Mwanzoni mzee alilizunguka tu. Kisha akamwambia mwenyewe kuwa tairi la mbele limepungua upepo, ikawa kweli, akapata heshima. Akaruhusiwa kukaa kwenye kiti. Jana, nikiwa namnyoosha mteja kidevu, nikasikia lori linawaka. Nikatoka mbio. Nilimkuta kashika usukani, uso wote unacheka, akaniambia, "Tulia, mkwe, napasha injini moto tu." Waheshimiwa, huyu ni mtu ambaye asubuhi hiyo hiyo alilisalimia pazia langu na kulikaribisha kiti. Naogopa. Namwogopea yeye, na namwogopea kila atakayekuwa barabarani.

6. Kwa hiyo lori hilo likiondoka, mjue mmeliondoa nyinyi. Nimefikiri sana na simwoni mwingine wa kulaumiwa. Jamaa wa flashi alitoa bidhaa nzuri, mimi niliiba kwa upendo, Bure alisaidia. Waliofuata sheria katika mlolongo mzima ni nyinyi tu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Naomba basi, katika toleo lijalo, muweke kitufe cha kuruhusu wizi wenye sababu za kifamilia. Kiwe kidogo na kikae pembeni, ili wenye nia mbaya wasikione. Mkihitaji uthibitisho, nitatuma barua ya mke wangu na picha ya mzee ya saizi ya pasipoti.

Nisalimieni wote mnaojitolea, pamoja na wake na waume wanaowasubiri mnyanyuke kwenye kompyuta, hata yule wa treni. Mke wangu anawasalimu. Bure anawasalimu na anauliza kama mna kingine.

Ni mimi, mtumiaji wenu mtiifu kwa mengine yote,
Mpiga Picha.

N.B. Kabla ya kuituma barua hii nilimsomea mzee kwa sauti ili aweke sahihi kama mwathirika. Alinisimamisha kwenye lalamiko la kwanza. Akauliza, "Kwa hiyo, mkwe, muda wote huo nilikuwa naendesha basi la wizi?" Alimwita Bure, wakaununua mchezo mtandaoni kwa pensheni yake, na Bure akamuuliza mara mbili kama ana hakika. Umewaka kwenye mfumo wenu mara moja, bila kuvunja chochote, na unakwenda vizuri kuliko zamani. Mzee halitazami tena lori la jirani. Kwa hiyo malalamiko yote hapo juu nayafuta. Ila mzee hajanisemesha tangu siku hiyo. Anaingia, anawasalimia wateja, anaendesha, anaondoka. Kama kwenye mfumo wenu kuna kitu kinachoweza kumrudishia mtu heshima kwa baba mkwe wake, tafadhali niambieni bei yake. Hiki nitalipia.