Pipa Langu la Kabichi na Matangazo ya Bibi Olimpia

Jumatatu, 3 Novemba

Vita vimetangazwa. Kwenye lifti, kwa karatasi, tena kwa adabu, jambo linaloudhi zaidi. Bibi Olimpia Hanganu, msimamizi wa jengo letu, anaandika: "Majirani wapendwa, naomba pipa la kabichi lililo ghorofa ya nne liondolewe mlangoni kabla ya Jumapili kwisha. Kwa heshima na upendo." Jina hakutaja. Ghorofa ya nne ina milango miwili tu, na wa pili ni wa marehemu.

Niliweke wapi? Ndani kuna joto, kabichi niliyoiloweka kwa chumvi itaoza. Roshani mke wangu Veta ameizungushia vioo na kuweka cherehani yake. Stoo ya chini ina baridi safi, lakini ufunguo anao Olimpia, na amejaza humo machupa matupu akingojea sijui jamu gani.

Smaranda anakuja Krismasi. Binti yangu, miaka mitatu yuko Italia akitunza wazee wa watu. Nilimuuliza kwa simu nimwandalie nini. Akasema sarmale tu, baba, zile nyama za kuviringishwa kwenye majani ya kabichi yako. Kisha nikamsikia analia. Pipa hili halitaoza nikiwa hai.

Jumapili kuna mkutano wa wakazi na uchaguzi wa msimamizi. Nina mpango.

Jumanne, 4 Novemba

Kuna programu ya akili mnemba kwenye simu. Unailisha maandishi ya mtu, nayo inaandika kama yeye. Nimeilisha matangazo yote ya Olimpia. Ninayo kwa picha, mtu mwenye adui huweka kumbukumbu. Nikaiagiza itangaze kwamba lifti itazimwa kila asubuhi ili kuokoa umeme. Wakiona jina lake chini watamla mbichi, watanichagua mimi, na ufunguo utakuwa wangu.

Nimechapisha dukani, nikabandika alipokwenda sokoni. Kwa haraka gundi ikaingia kwenye sharubu.

Jumatano, 5 Novemba

Balaa. Ile programu imejifunza na upole wote wa Olimpia. Imeandika: "Najua ngazi ni ndefu na magoti yetu si ya jana. Mwenye mzigo anigongee, nitambebea mwenyewe." Watu wameguswa. Gavril wa ghorofa ya tatu, ambaye hajawahi kumsifu hata mkewe, anasema yule mama ana utu. Lifti yenyewe haijazimwa, basi wanasema amewahurumia.

Kinachoninyima raha ni Olimpia. Anajua hakuandika. Nilimchungulia ngazini akilisoma, miwani puani, mara mbili. Hakulibandua. Pembe moja ilikuwa imelegea, akaibonyeza vizuri kwa kidole gumba, akaenda zake. Kimya cha mwenye hasira nakijua, nimeoa. Hiki si hicho.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeikalia programu asubuhi nzima. Kila sentensi laini nimeifuta nikaandika yangu. Mwishowe ikaniambia kwamba sasa inaifahamu sauti ninayoitaka. Nikasema afadhali, mwanafunzi amekubali kufundishwa.

Tangazo la pili linahusu zamu za kusafisha ngazi. Miwani niliisahau nyumbani, na Olimpia alikuwa anakuja kutoka posta, namwona kwenye kioo cha mlango. Nikabandika bila kusoma, nikapanda ghorofa zote nne mbio, nikabaki nahema nyuma ya mlango.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekutana na Gavril. Kanipisha, kasimama wima, kaniambia, "Mzee Toader, tiketi nimeisahau juu, usinishushe njiani." Nikadhani amelewa. Nimekagua tiketi za treni hadi kustaafu, lakini utani huo ulikwisha zamani.

Veta akarudi na mkate, akaketi bila kuvua koti. Tangazo amelikariri: "Majirani wapendwa, kila abiria na tiketi yake. Asiyefagia zamu yake atashushwa kituo kinachofuata. Mlango ukifungwa haufunguliwi, hata kwa mama mzazi. Kwa heshima na upendo."

Akaniuliza, "Baba Smaranda, jengo zima hili, nani anasema hata kwa mama mzazi?"

Nikamwambia hiyo ni programu, si mimi. Akasema hapana, huyo ni wewe kuanzia kofia hadi viatu. Nikakimbilia lifti. Tangazo halipo. Imebaki gundi tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Vita ni vita. Lakini pipa lazima lipulizwe. Unashusha mpira wa maji hadi chini, unapuliza, maji ya chumvi yanapanda mapovu, kabichi inapona. Nimeinama, mpira mdomoni, nikaona viatu. Vya Olimpia. Mtu mwenye mpira mdomoni hawezi kujitetea, basi nikaendelea kupuliza. Akatazama mapovu muda mrefu. Akasema inanukia vizuri. Akasema, "Tuonane kesho, jirani." Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Novemba

Mkutano ukumbini chini, kila mtu kaja na kiti chake. Olimpia ana karatasi mbili. Kasoma ya kwanza. Kasema hakuiandika yeye, ila angependa kuwa mtu wa namna ile, na tangu ibandikwe amebeba mizigo ya watu hadi mgongo unamuuma. Wakampigia makofi. Kisha kasoma ya pili. Hakuongeza neno. Gavril akalia kama filimbi ya treni, jengo likacheka hadi taa ya ngazi ikajizima, na mtu akaiwasha tena ili waendelee kunicheka.

Kura zote zake. Niligeuka kumtazama Veta. Mkono juu, umenyooka.

Nikangoja kufukuzwa mimi na pipa langu. Olimpia akaja akaniwekea ufunguo wa stoo kiganjani. Kasema kabichi haina kosa, na mtoto akirudi kwao lazima ale cha kwao. Machupa ameyasogeza. Sharti ni moja, kesho nibandike msamaha kwa jina langu mwenyewe, la sivyo ufunguo urudi na pipa litoke. Nikaufumbata ufunguo, nikapanda kulifuata pipa.

Gavril akanisaidia kulishusha. Nikaligusa limepoa vizuri, nikamtumia Smaranda picha. Kajibu kwamba ameshakata tiketi.

Jumatatu, 10 Novemba

Veta anasema msamaha ni maneno matatu: nimekosa, nisameheni, asante. Niandike kwa mkono wangu. Yeye hajui uandishi. Msamaha unataka ufundi, na programu sasa inanijua. Nimeiagiza iandike kwa sauti yangu.

Imetoa kurasa mbili. Neno la kwanza ni samahani. Kisha inaeleza kwa nini kosa si langu. Kisha inafika kwenye machupa, ambayo yamesogezwa kidogo tu, na kona yenye baridi bado ni yao. Kisha inasema kura ya kunyoosha mikono ni aibu, ya siri ingetoa matokeo mengine. Mwisho, asiyeridhika ashuke.

Safari hii nilivaa miwani. Nikasoma yote, polepole, machozi yakanilenga. Hakuna aliyewahi kunielewa hivi, hata mama mzazi.

Nimebandika ndani ya lifti. Lifti imesimama ghorofa ya kwanza, anakokaa Olimpia. Nasikia mlango wa lifti umefunguka, kufungwa bado: anasoma. Veta anauliza kama nimeandika yale maneno matatu. Nimemwambia yamo humo humo, ni ya kutafuta tu. Ufunguo nimeuficha ndani ya soksi.