Kompyuta Yangu Ilipohamia kwa Bi Mwanahawa

Leo nimeadhirika. Tena si mbele ya watu wangu, mbele ya wakwe wa watu! Nawaandikia nimejifunika khanga gubigubi, simu nayo iko humu humu ndani ya khanga.

Nianze mwanzo, maana nikianza na pale pabaya mtacheka kabla hamjanihurumia.

Mnajua naishi peke yangu hapa Bagamoyo tangu Baba afariki. Kaka Said yuko Maskati, dada Salma yuko Dar, na mie Zuwena ndiye niliyeachiwa nyumba. Nyumba kubwa, vyumba tele, mtu mmoja. (Na paka, lakini yule huja akijisikia.) Leo baada ya Alasiri tulipanga kuongea sote watatu kwa video, habari za Idd. Kila mwaka wanasema watakuja kula Idd nyumbani, kila mwaka yanazuka mambo. Safari hii nikasema hawanikimbii. Nina silaha.

Silaha yenyewe ni video ya Baba. Alijirekodi mwenyewe kwenye kompyuta yake ya mezani, enzi za uhai wake, anawaita wanawe waje Idd. Nikajua wakiisikia sauti ile, tiketi watakata wenyewe. Shida ni kwamba kompyuta ya Baba spika zimeliwa na kutu. Ukiifungua ile video unamwona Baba anafungua mdomo, anafunga, kimya. Nimeshakaa mbele yake mara nyingi namsoma midomo. Kwa hiyo lazima video ihamie kwenye laptopu yangu, nayo ndiyo ningepigia simu.

(Msianze habari za flashi. Flashi niliifua pamoja na dera. Ilitakata, ikafa.)

Baada ya Adhuhuri nikampigia Kaka Said. Yeye ndiye fundi wa ukoo.

"Shikamoo Kaka."

"Marahaba. Sema haraka, niko kazini."

"Kompyuta hazionani."

"Zote ziko kwenye waifai moja?"

"Moja, Kaka. Mashaallah."

Mashaallah ndilo jina la waifai yangu. Fundi aliyekuja kunifungia aliniuliza tuiite nani, nikamwambia aandike hivyo, kitu kipya kisije kikapata jicho. Kompyuta ya Baba akaiunganisha kwa waya. Alipoishika laptopu, akakuta imeshaingia yenyewe, hata neno la siri haikuuliza. Tukasema Mashaallah, akakusanya vyombo vyake akaenda zake. Watu wazima wawili, hakuna aliyejiuliza!

"Zima ruta, uwashe," akasema Kaka.

Nikazima. Laptopu bado inaleta intaneti, tena ya kasi. Nikasema hii ruta ni ya aina yake, hata ikizimwa inafanya kazi. (Nyamazeni.) Nikawasha. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikazima zote pamoja. Nikazima hata friji, labda ndiyo inayochokoza. Wapi! Laptopu inatafuta, inatafuta, inasema haioni mwenzake. Na ziko chumba kimoja, zimepeana migongo kama mke na mume walionuniana. Nikaona uchungu, wallahi. Hata vyombo vya nyumba hii kimoja hakina habari na chenzake.

"Fungua palipoandikwa vifaa," akasema Kaka. "Unaona nini?"

"Kipo kimoja. Kimeandikwa SEBULENI."

"Kompyuta ya Baba iko wapi?"

"Sebuleni."

"Sasa si ndiyo hiyo! Itumie video yoyote kwanza. Ukiona imefika, basi zimejuana." Akakata simu.

Sasa hapa niwaambie jambo, na mtu asinicheke. Chakula cha mchana mie hula na laptopu. Naifungua, naiweka upande wa pili wa meza, najirekodi video huku naongea nayo kama mgeni wangu. Kula kimya kumenishinda. Baba alikuwa mtu wa maneno mengi mezani, ukimaliza kula hujui kama umeshiba wali au umeshiba hadithi. Basi video ya karibu niliyoikuta ndiyo hiyo, ya chakula cha jana. Nikaituma SEBULENI.

Nikakimbilia kompyuta ya Baba. Kimya, hata picha hakuna. Nikarudi, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Nikaenda tena kutazama. Hakuna kitu.

Ndipo nikasikia mwanamke anaongea kwa nguvu nyumba ya pili, kwa Bi Mwanahawa. Sauti ya mtu aliyejaza tonge mdomoni. Nikasema, huyu nani asiye na adabu, anayepayuka kwenye nyumba ya shughuli? Maana leo Bi Mwanahawa alikuwa na wageni, wanawake kutoka Kaole waliokuja kumposa mjukuu wake. Nikatega sikio vizuri.

Kumbe ni mie.

Yarabi toba! Nikairukia laptopu nibonyeze isimame, kumbe nimeianzisha upya. Nikatoka mbio, kiatu kimoja changu, kingine cha marehemu Baba.

"Hodi!"

"Karibu! Karibu chakula!" nikajibiwa. Na mie mwenyewe. Kutoka kwenye TV.

Sebule imejaa. Wanawake wameketi mkekani, masinia ya biriani mbele yao, mikono imeganda hewani. Ukutani niko mie, kichwa wazi, punje ya wali kidevuni.

"Leo biriani," nikasema pale ukutani. "Kaniletea Bi Mwanahawa. Mama wa watu, Mungu amweke. Lakini chumvi! Chumvi, mwenzangu! Nimempa paka, paka kanitazama usoni, kaenda kunywa maji."

Bi Mwanahawa amesimama na upawa mkononi. Nikatafuta rimoti, haipo. (Baadaye ilionekana, mgeni mmoja alikuwa ameikalia.) Nikasimama mbele ya TV nikatanua khanga niizibe. Picha ikazibika. Sauti je?

"Lakini usimwambie," sauti yangu ikaendelea, sasa taratibu. "Nitakula hivyo hivyo. Akinuna akaacha kuleta, nani mwingine atanigongea mlango? Toka asubuhi sijasemeshwa na mtu. Haya, ongeza wali. Na mie naongeza."

Bi Mwanahawa akachomoa waya wa TV.

Jamani, bora wangecheka! Nilitamani sakafu ipasuke niingie. Sikuwa naonea haya ile chumvi hata kidogo. Nilionea haya yale maneno ya mwisho, maana hayo sijawahi kumwambia hata ndugu yangu.

Mwanamke mmoja wa makamo, ndiye kiongozi wa wageni, akajilamba kidole polepole. "Chumvi kweli imezidi," akasema. "Lakini tungesemaje, na sisi ndio waposaji?"

Nyumba ikaanguka kwa vicheko. Mmoja akapaliwa, akapigwa mgongoni. Bi Mwanahawa akang'ang'ania kununa, ikamshinda.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa," nikasema. (Salamu ndiyo inakumbukwa sasa.)

"Marahaba. Haya niambie, umeingiaje kwenye TV yangu?"

"TV yako ndiyo iliyokuja kwangu. Mie niko kwenye waifai yangu, Mashaallah."

"Mashaallah yako? Mashaallah ni yangu! Si nilikuingizia neno la siri siku ya msiba wa baba yako, kaka yako ayaone maziko akiwa Maskati? Kumbe hujatoka mpaka leo!"

Ndiyo hivyo, wenzangu. Majirani wawili, sote tumeogopa jicho, sote tumeipa waifai jina moja. Laptopu yangu ikashikilia ile iliyoizoea, ya Bi Mwanahawa, na ile SEBULENI kumbe ndiyo TV yake. Ya Baba ilikuwa inakaa nyumbani, yangu ilikuwa imehamia ujirani tangu msibani.

Nikarudi, nikaitoa laptopu kwa watu, nikaandika neno langu la siri. Kompyuta ya Baba ikatokea pale pale, wala haikujivuna. Video ikahama. Baada ya Alasiri wakapiga, nami nikawawekea.

"Said, Salma, Idd njooni nyumbani," akasema Baba. "Nichinje mbuzi mzima nile na Zuwena peke yake?"

Salma akalia. Said akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikasubiri. Nilikuwa nimeshapanga hadi nani alale chumba gani.

"Insha'Allah, Zuwena," akasema Said. "Nitaangalia kazini watasemaje."

"Insha'Allah," akasema Salma. "Tatizo watoto, shule."

Insha'Allah ile mnaijua. Mtu anayekuja huuliza aje na nini. Tukaagana, nikafunga laptopu, nikakaa nayo mapajani mpaka ikapoa. Sikulia. Haya, nililia kidogo.

Mara mlango ukagongwa. Bi Mwanahawa huyo, hana sahani wala kikombe. Nikajua nimekatiwa chakula.

"Posa imekwendaje?" nikauliza nikitazama chini.

"Wameridhika na binti. Ila wamesema siku ya harusi mimi nikae mbali na jiko." Akanitazama. Nadhani aliyaona macho yangu. "Ndugu zako wanakuja Idd?"

"Wamesema Insha'Allah."

"Ahaa." Na yeye anaijua. "Basi Idd uko kwangu. Uje mapema, wageni watakuwa wengi. Utapika wewe, na chumvi utatia wewe."

Akaondoka hata kabla sijamkaribisha ndani.

Kwa hiyo naomba mtu asinicheke. Badala yake, mwenye kujua biriani ya watu wengi hutiwa chumvi kiasi gani aniambie upesi, maana na mie sijui.