Migomba Yangu Inakunywa Oili

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Ukungu umeshuka kutoka mlima Meru, ukakaa kwenye migomba yangu. Nikakaa nao. Kwa mbali nikamwona Tabea, binti wa mzee Eliasi wa kule chini, akiteka maji mferejini. Kazi zote zikanitoka kichwani. Mzee amesema atakuja kukagua kihamba changu, shamba hili la migomba, kabla ya kusikia habari ya posa. Na Dismasi, jirani yangu, naye anaposa! Dismasi anayenuka samadi mpaka kanisani!

Mama aliniambia nitoe samadi zizini niipeleke shambani. Nimemgawia Dismasi yote. Anuke mara mbili. Mama amesema mgomba humlisha ng'ombe, na ng'ombe huulisha mgomba, nami nimeikata njia hiyo. Wazee na maneno yao.

Alhamisi, 9 Agosti
Nimeshuka mjini, Kaloleni. Shomari, dereva wa lori, alikuwa akimwaga oili chafu nyuma ya nyumba. Nikawaza. Lori linakunywa kitu hiki, linapanda hadi Oldonyo Sambu na mzigo mgongoni. Sembuse mgomba, uliosimama tu! Shomari alicheka, akasema oili ni oili na mbolea ni mbolea. Lakini debe amenipa. Maskini, hajui alichonacho.

Jumapili, 12 Agosti
Zamu yangu ya maji. Kanisani sikwenda, nimesingizia tumbo. Kuzunguka na debe mgomba kwa mgomba ni kazi ya akina Dismasi. Nimeimwaga oili yote mferejini, maji yanibebee.

Lo, uzuri ule! Upinde wa mvua ukatambaa kati ya migomba, zambarau, kijani, dhahabu, polepole. Nikalala chali. Nikaota mikungu mizito na Tabea akicheka chini yake. Nilipoamka, upinde ulikuwa umeshuka kwa mzee Eliasi. Vizuri. Nao waonje.

Jumatano, 22 Agosti
Majani yamegeuka njano. Pengine ni dhahabu inapanda. Ng'ombe amenusa maji, akanitazama, akaondoka. Mama hasemi nami.

Jioni Tabea alikuja mwenyewe, ndoo mkononi. Hakupaza sauti.

"Elifuraha, uji wa baba leo umenuka lori. Nilikuwa nakungoja wewe. Sasa sijui."

Imeniuma, kweli imeniuma.

Jumamosi, 25 Agosti
Mzee Eliasi amekuja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia macho yakiwa chini. Akachokoa udongo kwa fimbo, akaunusa. Hakukuwa na nyungunyungu hata mmoja. Akavuka mpaka kwenda kwa Dismasi, kwenye migomba iliyonona, samadi ya ng'ombe wangu imerundikwa shinani. Amekaa kule mpaka jua likazama. Niliwasikia wakicheka.

Wazee wa mfereji nao wamenitoza mbuzi. Tena nisafishe mfereji peke yangu, mpaka chanzoni.

Jumapili, 2 Septemba
Posa ya Dismasi imepokewa. Tumeitwa sote kunywa pombe ya ndizi zake. Nimeionja. Tamu, Mungu anisamehe. Mama amesema mwakani itazidi utamu, maana samadi yetu iko kule. Tabea alinipa kata kwa mikono miwili, kama mgeni. Nikatoka nje nikalia kidogo.

Nikapanda kwenda kumalizia mfereji wangu. Huko juu, karibu na msitu, kimya kitupu. Chini barabarani lori la Shomari lilikuwa likihangaika na mlima. Moshi mweusi ukainuka, ukapaa taratibu, ukajichanganya na mawingu ya Meru. Nikasimama, jembe mkononi.

Wingu ni nini, kama si moshi uliopoa?

Lori likisimamishwa katikati ya kihamba changu, likaunguruma kutwa nzima, mvua itaninyeshea mimi peke yangu! Dismasi atabaki na samadi yake kavu. Na Tabea ana mdogo wake, Anaeli, ambaye bado hajaposwa.

Kesho alfajiri nashuka Kaloleni.