Jiriwa ya Mparachichi

Jumatatu, 3 Juni 1974
Sanduku limefika! Nimelibeba kichwani kutoka posta ya Tukuyu mpaka hapa Ibighi, na ukungu wote ule, wala sikujikwaa. Miaka sitini na ushee, shingo kama ya ng'ombe dume.

Niandike vizuri. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alisema hata asiyekujua akisoma aelewe. Haya. Sisi tuko watano, ugonjwa wetu mmoja: kuchezea vyuma. Hatuuzi, hatulipwi, wake zetu wanatushangaa tu. Andrea yuko Isongole, mimi Ibighi, Zuber Makandana, Husseni Mbeya, na bwana mmoja yuko Iringa. Sanduku la vifaa linatuzunguka kwa posta. Una kifaa cha ziada, unatia. Unahitaji kilichomo, unachukua. Unaandika kwenye daftari lake, unampelekea anayefuata. Ukifanya ujanja jina linakatwa, na sanduku litakuruka mpaka unazikwa.

Safari hii mna tupa mbili, tindo moja, na jiriwa! Ndogo, ya kufungia mezani, inabana chuma kama mamba. Mimi natengeneza mashine ya kupukuchua mahindi, nataka kuionyesha Saba Saba. Mpaka leo chuma nabana kwa magoti. Suruali tatu zimekwisha.

Tatizo dogo. Jiriwa ina karatasi. Andrea kaandika: Hii ya Zuber, mikono yake siku hizi inatetemeka.

Jumanne, 4 Juni
Nimewaza. Mtu anayetetemeka jiriwa ya nini? Si apumzike! Mimi kule mgodini, Rodeshia ya Kaskazini, wazungu walikuwa hawafungui mashine bila mimi kuwepo. (Nilikuwa nafagia. Lakini nilifagia karibu kabisa.)

Nimeifunga jiriwa mezani, kuijaribu tu. Imekaa. Haitaki kutoka. Nani mimi niilazimishe?

Jumatano, 5 Juni
Akili imekuja nikinywa chai. Nitachonga jiriwa ya mti! Mparachichi, mti laini, kisu kinapita kama kwenye siagi. Nimeipima ya chuma kila upande, nikachonga kila pembe, kila mviringo, mpaka mkono wa kuzungushia. Nikaipaka masizi na mafuta machafu ya gari. Nilipoziweka mbili pamoja, wallahi nilishika ya mti nikidhani ya chuma.

Ikupa, mke wangu, kasimama mlangoni. Akauliza, baba Atupele, unachonga kinyago cha nani? Nikamwambia mambo ya kiwanda hayaulizwi. Akasema basi kiwanda kimempakia kuku masizi.

Alhamisi, 6 Juni
Sanduku jepesi! Zuber akilinyanyua tu atajua. Nimeshuka mtoni nikachota mchanga, ule laini wenye udongo kidogo, ukiufumbata unashikana kama ugali. Nimejaza kifuko, nikakilaza chini ya jiriwa ya mti. Uzito umerudi. Darasa la kwanza sijamaliza, lakini uhandisi ninao!

Ijumaa, 7 Juni
Posta. Felista, binti wa dirishani, kapima sanduku, kasoma jina, kacheka. Maana Zuber mwenyewe alikuwa nyuma yangu anasubiri stempu! Felista akasema, babu, si umkabidhi tu, huyo hapo? Nikamwambia sheria ni sheria. Sanduku letu lazima ligongwe muhuri, hata kama unampelekea jirani. Bila muhuri likipotea utamuuliza nani? Kwa hiyo litapanda gari mpaka Mbeya, litapangwa huko, litarudi Tukuyu, ndio limfikie mtu ambaye nikisimama kwenye migomba yangu naliona bati la nyumba yake.

Zuber naye kaniunga mkono. Akasema kweli binti, tusiharibu utaratibu. Kisha akaniuliza taratibu, Ambindwile, kuna chochote kizuri humo? Nikamwambia utalia, mzee mwenzangu.

Sikudanganya.

Jumatano, 12 Juni
Raha! Nabana, nakata, napiga tupa. Magoti yamepona. Gurudumu la mashine limekaa sawa kama limetoka Ulaya. Nimemwita balozi wa nyumba kumi aje aone. Akasema Saba Saba mkuu wa wilaya mwenyewe atashika hapo. Nikasema atanawa kwanza.

Lakini kila mbwa akibweka nachungulia barabarani.

Ijumaa, 14 Juni
Sanduku limefika kwa Zuber. Felista kamwambia Ikupa sokoni. Chai imenishinda.

Baada ya swala ya Ijumaa moshi umetoka uani kwa Zuber, mweusi, mrefu. Nimeuangalia kutoka kwenye migomba. Anachoma jiriwa yangu! Basi. Kesho ataandika barua nne, nami jina limekatwa. Andrea hatanijibu salamu. Na Saba Saba nitasimama peke yangu na mahindi yangu, watu wakininyooshea vidole.

Ikupa karudi na habari nyingine. Anasema Zuber anapita nyumba kwa nyumba anaomba masufuria mabovu, yaliyotoboka. Nikasema maskini, uchungu umempanda kichwani. Ikupa akaficha masufuria yetu chini ya kitanda, mabovu na mazima.

Jumanne, 18 Juni
Moshi tena. Nimeandika barua ya kujitetea. Ya kwanza nimesema panya waliila jiriwa. Nimeichana. Ya pili nimesema niliibiwa njiani na jitu refu. Hiyo ni nzuri, nimeiweka.

Jumamosi, 22 Juni
Haya yaliyotokea leo sitamwambia mtu. Naandika tu.

Asubuhi nasikia hodi. Zuber! Na kifurushi kwapani. Jiriwa ya chuma iko mezani, inang'aa, karatasi ya Andrea bado imening'inia. Nikaifungua kwa haraka ambayo sijawahi kuwa nayo hata ujanani, nikaitumbukiza chini ya kuku anayeatamia kwenye kikapu. Kuku akalalamika. Nikamwomba radhi kimoyomoyo. Nikasema karibu, karibu, mzee mwenzangu.

Zuber akakaa. Akafungua kifurushi. Jiriwa! Nyeupe, ya masufuria, inang'aa kama mwezi.

Akanieleza polepole, mikono inatetemeka kweli. Alipofungua sanduku akakuta umbo la mti lililochongwa kwa kipimo, na mchanga wa kusubia, wa kumiminia chuma kilichoyeyuka, ule hasa unaofaa, tena umechujwa. (Sikuuchuja. Mto ndio huuchuja.) Miaka yote, anasema, alitaka kusubu vyuma, akakosa wa kumchongea umbo, maana kwa mikono yake kisu hakishikiki. Basi akalikandamiza umbo kwenye mchanga, akalitoa, likabaki shimo. Akayeyusha masufuria, akamimina. Imetoka jiriwa. Bolti katoa kwenye gari bovu. Kasubu tatu: moja yake, moja ya Andrea, moja ndio hii, zawadi yangu.

Nikavuta pumzi. Nikakaa vizuri. Nikamwambia eeh, bwana, nilijua. Nilipanga yote. Nikaanza kumsimulia jinsi nilivyowaza mchanga tangu nikiwa mgodini, jinsi mzungu mmoja alivyonisihi nimfundishe.

Kuku akasimama.

Sijui yai lilimwambia nini, au chuma baridi kilimchoma tumbo. Alisimama, akaangalia alichokalia, akatoka nje anapiga kelele kama anaita polisi. Zuber akachungulia kikapuni. Kisha akauliza, Ambindwile, huyu akiangua tutapata nini, baiskeli?

Nilitaka kutaja jitu refu.

Zuber akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema, mchawi wewe, mti wa mparachichi nilinusa siku ileile nilipofungua. Nilikaa na kalamu mkononi nikukate jina. Kisha nikaiangalia ile pembe ya chini, jinsi ulivyoikata, nikasema huyu nikimkata nani atanichongea? Akachukua jiriwa yake ya chuma, akaifuta manyoya, akaitia kwapani. Akasema hukumu yangu ni hii: kila nitakachotaka kusubu, wewe utachonga. Na Andrea asijue.

Ikupa mlangoni anacheka amekaa chini. Akaenda akarudi na masufuria kutoka chini ya kitanda. Mabovu yote akampa Zuber. Akamwambia kwa Kinyakyusa ndaga fijo, asante sana, shemeji, umenisaidia kumfunga huyu.

Jumatatu, 8 Julai
Saba Saba jana! Mashine imepukuchua debe zima. Meza yetu imejaa watu. Mkuu wa wilaya kaishika jiriwa ya masufuria, akauliza nani kabuni. Zuber alikuwa anafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kujibu.

Tumepigwa picha. Zuber kanikanyaga mguu makusudi, kwa hiyo kwenye picha nitaonekana nimekunja uso kama kiongozi.

Jumanne, 13 Agosti
Sanduku limezunguka, limerudi. Tangu Saba Saba nimechonga maumbo manne kwa ajili ya Zuber, na watu wa Mbeya na Iringa wameandika wananisifu. Husseni ananiita mwalimu. Mtu mkweli siku zote Mungu humwinua.

Safari hii Andrea katia mashine ndogo ya kutoboa, ya kuzungusha kwa mkono. Meno yake yanazunguka kama saa, hayatoi hata sauti. Ina karatasi: Ya Husseni, Mbeya.

Nimeishika kidogo tu.

Husseni yuko mjini. Mjini umeme upo. Wa kuzungusha kwa mkono wa nini?

Ikupa ananiuliza kwa nini naukwea mparachichi na panga. Nimemwambia nakata kuni.